Miaka Yangu kwenye Mzani wa Ndege

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa ndege wa Baraka sikupewa bunduki wala kofia. Nilisimamishwa juu ya mzani wa pamba, nikaambiwa nitulie.

"Kilo makumi sita," alisema mzee aliyekuwa ananipima. Kisha akaandika kwenye karatasi yake: sitini na tatu.

Nilidhani hajui namba. Miaka iliyofuata ilinionyesha kwamba kwenye uwanja ule ni yeye peke yake aliyezijua.

Nimekabidhi funguo za depo wiki iliyopita, na nyinyi vijana wa mizigo mliobaki mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla hamjazaliwa. Nitaandika ya miaka ya hamsini tu. Ya baada ya hapo kila mtu wa Fizi ana hadithi yake, na baadhi yao wana bunduki za kuitetea. Vyeo pia sitavieleza. Nilipewa, nikanyang'anywa, nikarudishiwa, na mke wangu nyumbani hakuona tofauti yoyote.

Yule mzee aliitwa Kashindi. Hakuwa askari. Tangu ujana wake alikuwa akipakia mashua za Kazimia, na jeshi la Wabelgiji lilipoanza kutua Baraka na ndege zake za kubeba watu na mizigo, lilitafuta mtu anayejua kupanga mzigo usipinduke. Likampata yeye. Aliiangalia ndege ya kwanza, akaizunguka mara mbili, akasema ni mashua iliyokosa adabu. Akaanza kazi siku ileile.

Mzani wetu ulitoka kwa wanunuzi wa pamba. Kwa miaka mingi ulikuwa umewapunguzia wakulima kilo zao, na ulipohamia jeshini haukuacha tabia. Kila mtu aliyepanda juu yake alipungua kilo tatu. Wazungu waliuamini kwa sababu ulikuwa na muhuri. Kashindi hakuuamini kwa sababu wakwe zake walilima pamba. Basi kwa kila mtu aliongeza tatu, kimyakimya, na ndege ziliruka.

Alinifundisha kazi kwa miguu kwanza. Kila asubuhi, kabla ya ndege, tulitembea uwanja mzima peku, kutoka upande wa ziwa mpaka upande wa milima. Mguu mtupu unajua udongo uliolewa maji hata kama juu majani yamekauka. Nilipotaka kuvaa viatu vya jeshi, ambavyo nilikuwa nimevingoja kwa hamu sana, aliniambia nivivae Jumapili kanisani, huko hakuna kinachotua. Baada ya udongo tulifukuza ng'ombe. Wachungaji wa milimani walishuka nao wakati wa kiangazi kutafuta majani, na majani mazuri kuliko yote ya Baraka yalikuwa pale uwanjani, kwa sababu ni pale tu yalipokatwa kwa amri ya serikali. Mchungaji mmoja mrefu, mtu mpole, alikuwa akiniuliza kila mara swali lilelile: "Ndeke yenu inakulaka majani?" Nikisema hapana, alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ananyima chakula bila sababu.

Halafu mafuta. Mafuta yalikuja kwa mapipa, na ndani ya pipa palikuwa na maji, kutu, na wakati mwingine mende. Tuliyachuja kwa ngozi laini iliyotandikwa juu ya faneli. Mafuta yanapita, maji yanabaki juu. Ukifanya haraka, maji nayo yanapita, na injini inakohoa ukiwa juu ya ziwa. Kashindi hakuwahi kunipiga isipokuwa mara moja, na ilikuwa kwenye faneli ile. Nilistahili.

Lakini kazi yenyewe hasa, ile iliyotupa usingizi mbaya, ilikuwa kupima watu. Ndege inataka kujua imebeba nini na kimekaa wapi. Mtu wa kwetu hataki ijue. Hakuna Mubembe anayekwenda kuwaona wakwe mikono mitupu, na askari aliyekaa miezi minane porini akipewa ruhusa ya kurudi kwake, anarudi na samaki wa kukaushwa, karanga, mawese, kuku, kitenge, na kama amebahatika, mbuzi. Sheria ilisema kilo kumi kila mtu. Kwa hiyo alipanda mzani na kilo zake kumi, uso wa mtakatifu, nikamwandika. Kisha dakika nilipogeuka kumpima mwenzake, shemeji yake alitokea kwenye majani na furushi, na furushi likaingia nyuma kabisa ya ndege, kwenye mkia, nyuma ya ubao uliokuwa na skrubu mbili. Skrubu zile zilikuwa zimefunguliwa mara nyingi mpaka zilizunguka kwa kidole.

Mkia ndio mahali pabaya kuliko pote. Kilo tano mkiani zinafanya kazi ya kilo ishirini katikati. Kila mupimaji alijua. Na kwa kuwa naandika ukweli, kila mupimaji alikuwa na furushi lake mle pia.

Dawa ya Kashindi ilikuwa moja: mwenye kupima lazima apande ndege aliyoipima. Ukijua utakuwa ndani, alisema, jicho linafunguka. Haikuzuia mafurushi, lakini ilipunguza uongo mpaka kiasi ambacho ndege iliweza kubeba.

Sasa niwaeleze rubani. Jina lake halisi nawaachia wanaomlipa pensheni. Sisi tulimwita Kapiteni Mandevu, kwa sababu ya ndevu nyekundu zilizomfika kifuani na kufunika medali ya kwanza. Kufikia safari ninayotaka kuwaeleza alikuwa nazo tatu, na kwa kuwa nilizijua zote kwa karibu, nitazisimulia.

Ya kwanza aliipata kwa kukagua pwani ya Ubwari "katika hali ngumu ya hewa". Hali ya hewa ilikuwa ngumu kweli, maana alipotea mawinguni, mafuta yakakaribia kwisha, akatua kwenye mchanga walipokuwa bamama, yaani akina mama, wanaanika dagaa wao, ndagala. Kashindi alikuwamo. Aliniambia bamama wale walimzomea Kapiteni mpaka akatoa kofia na kuwasaidia kuokota ndagala mmoja mmoja. Kwenye ripoti aliandika kwamba alikuwa amekwenda kuona kama ndege inaweza kutua pale. Na kwa kweli iliweza.

Ya pili ilikuwa ya huduma za afya. Alisafirisha "chombo cha usafi" mpaka Baraka siku ya mvua kubwa, kikapandishwa kwa kamyo, yaani lori, mpaka Fizi milimani. Chombo kile kilikuwa beseni la chuma la kuogea, la mke wa mutawala. Kilo themanini na nne, na tatu za mzani, themanini na saba. Nililifunga mwenyewe kwa kamba nane. Njia nzima Kapiteni alikuwa akigeuka kuliangalia beseni kuliko alivyoangalia mbele.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Aliipata kwa kuleta "utaratibu mpya wa usalama", yaani kwamba mpimaji wa mzigo asafiri na mzigo wake. Ikaandikwa na makao makuu kuwa sheria: ndege yoyote isiruke bila mpimaji wake ndani, na rubani atakayevunja sheria hii ataadhibiwa. Kashindi, aliyeibuni, alipewa mche wa sabuni na kushikwa mkono. Sabuni aliitumia. Mwaka uliofuata alirudi kwao Kazimia na kuniachia mzani.

Msimdhanie vibaya Kapiteni, hata hivyo. Mtu yule alikuwa muongo wa kalamu, hakuwa muongo wa mikono. Nimemwona akiishusha ndege katika upepo wa ziwa kama mama anavyolaza mtoto aliyechelewa kusinzia. Alikuwa na mbwa mkubwa mweupe aliyeruka naye kila safari na hakupimwa kamwe, kwa sababu mbwa wa afisa hapimwi. Mbwa huyo alikuwa na jina lake la Kizungu, sisi tulimwita Jenerali. Ilitupendeza kumwambia Jenerali toka, Jenerali kaa chini, Jenerali acha kunusa.

Sasa nafika Lulimba.

Ilikuwa mwisho wa mvua. Tulikwenda kuchukua askari sita waliokuwa wakilinda njia ya machimbo ya dhahabu, tuwapeleke Albertville kwa mapumziko. Tulitua asubuhi na tukakaribia kuishia shimoni. Kijito cha pembeni kilikuwa kimefurika na kumeza theluthi moja ya uwanja. Kilichobaki kilikuwa kifupi na chepesi kama ugali wa mgonjwa. Kapiteni alishuka, akaenda kuupima kwa hatua zake, Jenerali nyuma yake. Mimi niliwapima askari na mifuko yao, kisha nikavua viatu nikamfuata. Nyuma yetu askari, kwa furaha yao, walianza kupakia.

Tulipokuwa tunarudi, tulimkuta muuguzi wa dispensari ya misheni amesimama kando ya ndege, na watu wanne wameshika machela. Juu ya machela alikuwa mwanamke aitwaye Nyota, mke wa mkulima wa pale. Uchungu ulikuwa umemshika siku ya tatu. Mtoto alikuwa amelala vibaya.

"Kwa kamyo ni siku mbili," muuguzi alisema. "Daraja moja imekwenda. Atakufiaka mu njia, baba. Kwa ndeke ni saa moja. Kule iko munganga wa kupasua."

 Nyota alikuwa amefunga macho na kushika mti wa machela kwa mikono miwili.

Kapiteni hakufikiri hata kidogo, na hilo naliandika kwa heshima. Aligeuka akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha kambini: "Askari yote shuka! Na sanduku yake! Upesi!" Walishuka, sita wote, na mifuko yao ya kilo kumi. Tukaingiza machela. Muuguzi akapanda, mimi nikapanda, Jenerali akapanda, Kapiteni akaketi. Kwenye karatasi yangu ndege ilikuwa nyepesi kiasi cha kuona aibu.

Tulikimbia uwanja ule na mkia haukuinuka. Ndege za wakati ule zilikaa mkia chini, na lazima mkia unyanyuke kwanza ndipo uzungumze habari za kuruka. Niliona kijito kinakuja. Kapiteni alikata moto wa injini, akakanyaga breki, na tukateleza kwa upande mpaka gurudumu moja likasimama hatua tatu kutoka majini. Nyota alilia mara moja tu, kwa sauti ndogo.

"Mzani!" Hivyo ndivyo Kapiteni alivyoniita. "Karatasi yako nasema uongo!"

Nilijua palepale. Askari walikuwa wameshuka, lakini mafurushi yao hayakushuka. Mtu anayeficha kitu hawezi kukidai mbele ya afisa. Wote sita walikuwa wamesimama kwenye majani wanaangalia ndege, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu wanaoona zawadi za bakwe zao zikiondoka na kwenda Albertville bila wao.

Tulisukuma ndege kurudi mwanzo wa uwanja. Niliwaita. "Kila muntu atoe kitu yake mu mukia. Sitaandika jina ya muntu."

"Kitu gani, yaya?" alisema mmoja, akiniita kaka mkubwa kwa heshima.

"Mi sina kitu," alisema mwingine.

"Nilipimwa. We mwenyewe ulinipima."

Jua lilikuwa linapanda. Jua likipanda hewa inalegea, na hewa iliyolegea haibebi ndege. Ningeweza kuufungua ubao mwenyewe na kutupa vyote nje. Tatizo ni kwamba kitu cha kwanza nyuma ya ubao kilikuwa changu: gunia la samaki wa kukaushwa, kilo tisa, la mama mkwe wangu wa Albertville, na jina langu lilikuwa limeandikwa juu yake kwa rangi nyekundu. Nililiandika mwenyewe ili lisiibiwe.

Nawaambia vijana, niliogopa. Mupimaji aliyeshikwa na mzigo wa siri alikuwa anapigwa kiboko mbele ya wenzake na kufukuzwa. Nilisimama pale nikijiambia kwamba kilo tisa si kitu, labda ni mawese ya wale ndiyo yaliyotukwamisha. Kisha nikasikia muuguzi ndani ya ndege akimwambia Nyota ahesabu pumzi, na Nyota akihesabu, na akikosea namba.

Nikafungua skrubu. Nikatoa gunia langu. Nikalibeba kifuani, jina likiwa mbele, nikalipitisha mbele ya Kapiteni na kuliweka miguuni pake.

"Ni yangu, mon kapiteni. Kilo tisa."

Alilisoma jina. Alinisoma na mimi. 

Askari wa kwanza akasogea, akaingiza mkono mkiani, akatoa bidoni, dumu zima la mawese. Wa pili, karanga. Wa tatu alitoa kuku watatu waliofungwa miguu, na wa nne akatoa kichwa cha cherehani, chuma kitupu, ambacho aliingia nacho kwa njia nisiyoijua mpaka leo. Wa tano na wa sita walikuwa wamechangia nyama kavu ya nyati mzima, kwa jinsi nilivyoiona. Kila mmoja alipoweka chake chini alitaja kilo, bila kuulizwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu walizitaja sawasawa. Zilipita mia.

Kapiteni alikuwa bado anayatazama mafurushi. Ndevu zilitikisika. Kisha akapanda ndani, akasogeza kiti chake, na kutoka chini yake akavuta kasha la bia.

"Kilo makumi mbili," alisema. "Yangu."

Hakuna aliyecheka. Kisha akapiga mluzi. Jenerali akashuka, polepole, kama mkubwa aliyestaafishwa kwa lazima. Tulimweka juu ya mzani, maana mzani tulisafiri nao, na wenyewe ulikuwa umeshashushwa ubaki pale. Alikuwa kilo thelathini na mbili. Niliandika thelathini na tano.

Kapiteni alitembea tena mpaka kwenye kijito na kurudi. Alipiga tope kwa kisigino mara kadhaa. Alipofika mlangoni alinong'ona, na alinong'ona Kifaransa, jambo alilofanya tu akiwa na hofu. Nilikijua kiasi cha kuelewa kwamba ndege ilikuwa bado nzito. Kilo hamsini. Labda sitini. Mafuta hayakuweza kupunguzwa, yalitosha safari tu.

Tuliangaliana ndani ya ile ndege. Nyota hakuweza kushuka, ndiye safari yenyewe. Muuguzi ndiye aliyekuwa akimshughulikia. Kapiteni ndiye dereva. Hesabu ile hata mwenye kuuza pamba angeiweza.

"Mon kapiteni," nilisema, "mi niko kilo makumi sita na tatu."

"Sheria," alisema. "Mzani lazima kupanda."

"Sheria ni yako."

"Ndiyo, ni yangu. Nilipata medali!" Sauti yake ilikatika kidogo. Sijui kama alikuwa anacheka.

Nilishuka. Kushuka kule kulikuwa kugumu kuliko safari zote nilizopanda, na siyo kwa sababu ya sheria. Kwa desturi yetu, mupimaji akishuka maana yake haamini kilo zake. Amewaandikia wenzake kifo kisha amebaki nchi kavu. Askari walijua hivyo, na mmoja wao alisema kwa sauti ya kusikika: "Ee! Mupimaji anakimbia kilo zake." Nilifunga mlango kutoka nje. Niliona miguu ya Nyota tu, imefunikwa kitenge cha bluu.

Ndege ilikimbia. Mkia ukanyanyuka. Nilikimbia nyuma yake peku, sijui kwa nini, kama mtu anayeweza kuisukuma. Magurudumu yalipita juu ya kijito na kugusa matete upande wa pili, niliyaona matete yakilala, kisha ndege ikawa angani, ikageuka kusini.

Mimi na Jenerali tulibaki Lulimba. Tulirudi Baraka kwa kamyo ya mpunga, siku nne, tukizunguka daraja lililovunjika. Samaki wa mama mkwe tuliwala njiani, mbwa akila vichwa. Siku zote nne sikujua kama nimempunguzia mwanamke yule kilo za kutosha. Nilikuwa nikiamka kwenye magunia na kuyaona yale matete.

Kapiteni alikuwa ananingoja uwanjani. Alimkumbatia mbwa kwanza. Halafu akaniambia: Nyota alipasuliwa, yuko mzima. Mtoto ni msichana, mzima. Nilikaa chini kwenye majani ya uwanja, mbele ya afisa, bila ruhusa, nikalia. Yeye aligeuka akaangalia milima mpaka nilipomaliza.

Kisha akaleta karatasi. "Sikiliza, Mzani. Hapa naandikwa watu ine mu ndeke. Wewe nakuwa ndani. Unasikia? Ndani!"

Nilielewa. Asingeweza kuandika kwamba aliruka bila mpimaji. Angeadhibiwa kwa sheria aliyopewa medali kwa kuileta. Na mimi, kama sikuwa ndani, nilikuwa wapi, na yale mafurushi yalikuwa ya nani? Nikatia sahihi. Ilikuwa ripoti yake nzuri kuliko zote. Alikuwa ameandika kwamba nilishikilia machela kwa mikono miwili muda wote wa safari, nikimtuliza mgonjwa kwa lugha yake.

Ripoti nzuri ina miguu. Ilitembea mpaka makao makuu, na baada ya karibu mwaka mmoja kanali mmoja alikuja Baraka na tarumbeta tatu na visanduku viwili vyekundu. Kimoja cha Kapiteni, ambaye sasa alihitaji kifua kipana zaidi. Kingine changu. Tulipangwa kwenye jua mbele ya ofisi ya serikali, watu wote wa Baraka wakiangalia: bamama wa soko, watu wa misheni mbili ambao kwa kawaida hawasimami pamoja, hata yule mchungaji mrefu. Jenerali alilala kivulini chini ya kiti cha kanali. Yeye alikuwa ameshukia palepale niliposhukia mimi, na hakupewa kitu.

Kanali alinipachika medali kifuani. Karani akasoma kwa Kiswahili: kwa ushujaa angani, kwa kushikilia machela safari nzima, bila kujali uhai wake.

"Uyu hakukuwaka mu ndeke!"

Sauti ilitoka upande wa bamama. Watu walifungua njia. Alikuwa Nyota. Sikuwahi kumwona amesimama, lakini kitenge nilikijua. Alikuwa amembeba msichana mgongoni. Alikuwa ametoka Lulimba kwa ajili ya siku ile.

"Hakukuwaka!" alirudia. "Alishuka!"

Kanali, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kuagiza maji, alimgeukia Kapiteni. Mama anasema nini? Ndevu za Kapiteni zilikuwa bado nyekundu, lakini uso uliozizunguka ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Niliona adhabu yake, na yangu, na kiboko.

"Anashukuru, mon kolonel," alisema.

Kanali alifurahi sana. Akamwashiria Nyota asogee ashukuru kwa karibu.

Alikuja mpaka mbele yangu. Karibu vile, hakupiga kelele tena.

"Niliona miguu yako inashuka," aliniambia. "Nikasema, uyu anaona niko maiti, anakimbia. Nilikulaani, baba. Nilikulaani mpaka Albertville. We na batoto yako na kazi yako. Kiisha infirmier, ule muuguzi, akaniambia. Alisema, angebakia mule, mi na uyu tungelala mu mayi ya Lulimba."

 Mwaka ule nilivunja kidole, niliharibikiwa nyumba na upepo, na mke wangu alipoteza mimba. Kwetu, neno la mama aliye katika uchungu halichezewi. Likishatoka kinywani mwake, kinywa kilekile ndicho kinachoweza kuliondoa.

"Leo nimekuya kuliondoa," alisema Nyota.

Akakusanya mate, akanitemea kifuani, mara mbili, taratibu, kama wanavyofanya bamama wa kwetu wakimbariki mtu. Yalitua kwenye medali.

Tarumbeta zilinyamaza. Kanali alirudi nyuma hatua moja. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akatoa leso nyeupe mfukoni na kuninyooshea ili nipanguse.

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikaikunja vizuri, ikiwa bado kavu, nikamrudishia.